Benki wanapunguza ovadrafti yangu wakati pesa zote ziko kwa wateja, nifanyeje?

Shikamoo anti,

Naomba jina langu usiliweke maana wateja wangu wengine wanakusoma. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, kazi yangu ni mapishi. Nilianza na meza moja Buguruni nauza wali maharage, sasa hivi napika kwa tenda, nalisha wafanyakazi wa mkandarasi mmoja huko site, kuna shule moja ya binafsi nawapikia mchana, na kuna ofisi moja Posta wakiwa na semina wananiita. Alfajiri niko Vingunguti kwenye nyama, ndizi nachukua Mahakama ya Ndizi, mchele Tandale kwa mzee mmoja ambaye tumezoeana sana, na ikifika saa sita na nusu chakula kinatakiwa kiwe kimefika site la sivyo simu zinaanza.

Kazi ipo anti, tatizo ni malipo. Mkandarasi kwenye mkataba ameandika atalipa ndani ya siku 30 ila ukweli ni siku 60 mpaka 75, na huyo ndo mteja mkubwa, wakati mzee wa Tandale yeye anataka chake kila baada ya wiki mbili na Vingunguti hakuna kukopa kabisa. Ndo maana benki walinipa ovadrafti ya milioni 20, riba asilimia 18 kwa mwaka, dhamana ni nyumba yetu ya Kimanga, hati ina jina la mume wangu na alisaini mwenyewe kwa hiari yake.

Mwaka wa kwanza ilikuwa raha, deni linapanda mkandarasi akilipa linashuka, siku nyingine akaunti inasoma chanya kabisa. Halafu nikanunua kirikuu ya mkononi milioni 8 maana kukodi gari kila siku kulikuwa kunakula faida yote, nikaongeza majiko makubwa ya gesi na masufuria kama milioni 3, vyote nilitoa humo humo kwenye ovadrafti. Kirikuu imenisaidia sana siwezi kudanganya, ikishapeleka chakula inapaki kuanzia saa nane hivi. Ila toka kipindi hicho deni halishuki tena. Hata siku mkandarasi akiingiza hela yote linagota kwenye milioni 12 hapo, wiki moja mbele liko 18, liko 19.

Sasa mwisho wa mwezi uliopita benki wamekata riba yao, akaunti ikazidi limiti, na hundi niliyompa mzee wa Tandale ikarudi. Nilitamani ardhi ipasuke. Hajanitukana, kanyamaza tu, ila mchele sasa ananiuzia kwa keshi. Bado sijakaa sawa ikaja barua, ovadrafti inafikia tarehe ya kuhuishwa na wao watahuisha kwa milioni 12 tu, kwahiyo nimepewa siku 30 deni liwe limeshuka hapo. Afisa mikopo aliyenizoea kahamishiwa tawi lingine, huyu mpya hajawahi hata kuliona jiko langu, akipiga simu naiangalia mpaka inakata.

Shoga yangu mmoja ananiambia nichukue milioni 6 kwa watu wa kausha damu, asilimia 20 kwa mwezi, niziweke benki waone deni limeshuka, wakishahuisha nizitoe niwarudishie wenyewe. Kaka yangu yeye anasema nifungue akaunti benki nyingine nimwambie mkandarasi alipie huko, maana zikiingia huku zinamezwa. Kingine, shule wananilipa kwa Lipa namba kwenye simu na hizo huwa hazifiki benki, nanunulia vitu moja kwa moja. Mume wangu hajui kuhusu barua. Na nilisikia Benki Kuu ilishusha riba, mbona mimi bado ni 18 ile ile?

Nisaidie anti, usingizi sina.

Mama wa mapishi, Tabata

* * *

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Kausha damu usichukue. Nalisema kwanza kabisa kwasababu barua yako inaweza kuwa imechukua siku kunifikia na naogopa umeshapigiwa simu uje usaini. Milioni 6 kwa asilimia 20 ni milioni 1 na laki 2 kila mwezi, riba tupu, ile 6 yenyewe bado inakusubiri. Deni lako lote la benki la milioni 18 kwa asilimia 18 ya mwaka linakula kama 270,000 kwa mwezi. Yaani unaenda kuchukua theluthi ya deni kwa gharama inayozidi mara nne. Na hata ukiiweka pembeni hiyo riba, mpango wenyewe haufanyi kazi, shoga yako hajaangalia hapa: limiti yako mpya ni 12. Ukiingiza 6 deni linatoka 18 linakuwa 12, na 12 ndo mwisho wa limiti, hakuna cha kutoa. Zimeingia zimelipa deni basi. Utabaki huna mtaji wa kesho asubuhi na watu wa kausha damu wako mlangoni. Na hao wa kwenye simu ndo usiwaguse kabisa, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, watu walikuwa wanapigiwa simu mpaka kwa wakwe zao kudaiwa.

Sasa tuje kwenye ovadrafti yenyewe, na hapa naomba usome taratibu maana ndo pameshika kila kitu.

Ovadrafti ni hela ya kuziba pengo. Umenunua mchele leo, invoisi italipwa baada ya miezi miwili, katikati hapo benki anakushikia. Kwahiyo benki anategemea aone akaunti inashuka inapanda, na kila ikipanda anajua mzigo umeuzwa umelipwa. Wewe mwaka wa kwanza ndivyo ulivyokuwa, na ndo maana hawakukusumbua. Kirikuu na majiko ni vitu vingine. Hivyo vinarudisha hela yake kidogo kidogo kwa miaka, haviuzwi wiki ijayo. Ulivyotoa milioni 11 humo ndani, ile 11 ikakaa chini kama matope kwenye kisima na maji yakabaki kidogo juu. Angalia hesabu zako mwenyewe, umeniambia deni linagota milioni 12 hata mkandarasi akilipa zote. Kumi na moja ya vifaa, na kidogo cha riba. Biashara yako haijafa na wala hujala mtaji, una milioni 11 za gari na majiko ambazo zimekaa kwenye chombo kisicho chake.

Mi nimekaa upande ule wa meza, nimesoma steitimenti za watu mpaka macho yakaniuma, na kitu cha kwanza anachofanya mtu wa mikopo ni hicho hicho, anachukua miezi 12 anatafuta kila mwezi siku ambayo deni lilishuka chini kuliko siku zote. Mwezi huu 12, mwezi ule 12 na nusu, mwingine 11 na laki 9. Akiona haishuki hapo anaandika kwenye fomu kwamba sehemu hii imeganda. Na cha pili anaangalia mzunguko, mwaka mzima zimeingia shilingi ngapi. Kwako wewe anaona za mkandarasi na ofisi ya Posta tu. Hela za shule hazioni kabisa, kwake yeye shule hiyo haipo. Unapika kila siku ya Mungu ila kwenye karatasi unaonekana mtu wa mteja mmoja anayechelewa kulipa na deni limeganda. Wala hakuchukii huyo afisa mpya, hana kingine cha kusoma.

Kwahiyo cha kwenda kuomba siyo huruma na wala siyo kuongezewa muda tu. Nenda kaombe deni ligawanywe. Ile milioni 11 iliyoganda itolewe kwenye ovadrafti iwe mkopo wa kawaida wa marejesho ya kila mwezi, na ovadrafti ibaki milioni 9 kwa ajili ya mchele na nyama. Benki wanafanya hivi kila siku, siyo jambo geni kwao, ila wengi wanangoja mteja ajitokeze ndo waliongelee, na wateja wengi hawajui kama linaongeleka.

Nimekupigia hesabu. Milioni 11 kwa riba hiyo hiyo ya asilimia 18 inayopungua kadri deni linavyopungua, ukilipa miezi 24 rejesho ni kama 550,000 kwa mwezi. Ukienda miezi 36 inashuka mpaka kama 398,000, ila jumla ya riba inatoka karibu milioni 2.2 inakuwa milioni 3.3. Ongeza na riba ya ile ovadrafti ndogo, tuseme unatumia 7 kwa wastani, hapo kuna laki na elfu 5. Sasa hivi unalipa 270,000 na deni halisogei. Kwenye mpango wa miezi 24 utakuwa unatoa kama 655,000, kwahiyo utafute karibu laki 4 nyingine kila mwezi. Kaa na daftari lako usiku mmoja uone kama zipo kweli, usikubali tu kwa woga. Kirikuu inayopaki toka saa nane mchana kwa mji huu ni hela imelala, tafuta mtu mwaminifu ibebe mizigo mpaka jioni. Kama hata hivyo haifiki, chukua 36, utalipa riba zaidi lakini utalala. Bora rejesho dogo unaloliweza kuliko kubwa utakalolikosa mwezi wa tatu.

Na uone benki atakavyoliona. Wao wanataka deni lishuke toka 20 mpaka 12 ndani ya mwezi mmoja, kitu ambacho kitaua jiko na wao wabaki na nyumba ya kuuza ambayo hawana haja nayo. Wewe unawaambia jumla leo itabaki 20, ila baada ya mwaka mmoja wa ule mpango wa miezi 24 mkopo utakuwa umebaki kama milioni 6, jumla na ovadrafti ni 15, na mwaka wa pili ukiisha wamebaki na 9 tu. Wanashuka chini hata ya walikotaka, taratibu, na kila mwezi wanaona.

Usiende na maneno matupu. Kwanza piga simu kesho uombe miadi na huyo afisa, na omba meneja wa tawi awepo hata kwa dakika kumi. Kisha andika barua, ukurasa mmoja unatosha, na hii barua ndo yenye kazi kuliko kikao chenyewe, kwasababu tawi huwa hawaamui, wanaandika maelezo yanaenda makao makuu kwa watu wa kamati ambao hawatakuona sura wala kuonja pilau lako. Ukimlilia afisa machozi yako hayaendi makao makuu, barua inaenda. Ndani yake sema ulinunua nini na lini kwa hizo milioni 11, weka kadi ya kirikuu na risiti za majiko, weka orodha ya invoisi zote ambazo hazijalipwa zikiwa na tarehe na kiasi, mkataba wa mkandarasi, wa shule, na LPO, zile oda za manunuzi, za ile ofisi kama unazo. Chapisha pia miamala ya Lipa namba ya miezi 12 uwaonyeshe shule inaingiza kiasi gani, na uwaahidi kwamba kuanzia sasa hizo hela zitapita kwenye akaunti, halafu fanya kweli, kila Ijumaa unazihamisha hata kama Jumatatu utazitoa tena. Mwisho omba mambo mawili wakati wanafikiria: zile siku 30 zisogezwe, na limiti isishushwe katikati ili uendelee kununua vyakula. Peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Ukiwa na muhuri, miezi mitatu mbele hakuna atakayesema hukuja.

Sasa kuhusu kaka yako na benki nyingine. Namwelewa, anaona hela zinamezwa. Lakini siku mkandarasi akianza kulipia kwingine benki yako wanaliona ndani ya mwezi, mzunguko unakatika ghafla, na barua yako ya masharti uliyosaini mwanzo karibu hakika ina kipengele kinachosema malipo ya biashara yapite kwao, na kingine kinachosema ovadrafti inaweza kudaiwa yote wakati wowote wakihitaji. Itafute hiyo barua uisome. Ovadrafti haina mwaka wa kumalizia kama mkopo, ni ya kudaiwa wakitaka, ukianza kukimbiza hela unawapa sababu. Na huko unakokwenda watakuchungulia, kumbukumbu za wakopaji zinaenda Benki Kuu na kwenye kampuni za taarifa za mikopo kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, kwahiyo wataona deni lako lilivyo. Kuhama unaweza, hata mi nisingekukataza, ila uhame ukiwa umenyooka, benki mpya inalipa ya zamani na hati inahama kwa makaratasi. Usihame usiku.

Hiyo hundi iliyorudi. Riba inahesabiwa kila siku kwenye kile ulichotumia ila inakatwa mwisho wa mwezi kwa mkupuo, na watu wengi wanaandika hundi mpaka ukingoni wa limiti wakisahau riba inakuja. Kuanzia sasa weka alama kichwani kwamba limiti yako ni pungufu ya laki 3 na nusu kuliko iliyoandikwa, na wiki ya mwisho ya mwezi usitoe hundi bila kuangalia salio. Kila hundi inayorudi ina makato yake na VAT juu, na deni likizidi limiti wengi wanaongeza riba ya adhabu kwenye kile kilichozidi. Omba orodha ya makato yote waliyokukata mwaka huu ulinganishe na barua ya masharti. Ukikuta kuna kitu hakimo andika malalamiko kwa benki yenyewe kwanza, wasipokujibu sawasawa Benki Kuu wana dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, na kuna kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinazowabana waseme gharama zao wazi. Ni haki yako, usione aibu. Ila usichanganye malalamiko na barua ile ya kuomba, ziende mbali mbali.

Riba ya Benki Kuu uliyosikia ni kweli, Julai 2025 ilishuka toka asilimia 6 mpaka 5.75, lakini hiyo ni riba ya kuongoza soko la mabenki wao kwa wao, haishuki mpaka kwako moja kwa moja. Ya kwako ni ile iliyo kwenye mkataba. Pa kuisemea ni sasa hivi wakati wa kuhuisha, waambie una dhamana ya nyumba na hujawahi kukaa muda mrefu bila kulipa riba, waombe 17 au 16. Wakikataa huna ulichopoteza.

Mdogo wangu, mumeo mwambie leo. Hapa siongei kama mtu wa benki, naongea kama dada yako. Nyumba ni ya jina lake, barua yoyote nzito ikija itakuja kwa jina lake, na hakuna kitu kibaya kama mwanaume kusoma kwenye karatasi ya dalali jambo ambalo mkewe alikuwa analijua. Na mkieleweshana utaona hata woga unapungua, kwasababu nyumba haiuzwi kesho. Deni likikaa siku 90 bila kulipwa linahesabiwa chechefu, yaani deni bovu, na hapo ndo sauti za benki zinabadilika, lakini hata wakiamua kwenda kwenye dhamana sheria ya ardhi inawataka watoe notisi ya siku 60, na mnada nao unatangazwa siku 14 kabla. Wewe hujafika huko, uko mbali, una barua ya kupunguziwa limiti tu. Nenda naye kwenye hicho kikao. Mkopo mpya ukitoka watahitaji saini yake tena, kwahiyo hata ungetaka kumficha usingeweza.

Simu ya afisa ipokee. Najua ni ngumu, moyo unadunda, lakini afisa mpya asiyejibiwa anaandika neno moja kwenye faili, hapatikani, na hilo neno kamati wakilisoma limemaliza kila kitu. Mpokee, mwambie nina barua nakuletea siku fulani, na siku hiyo uende. Ikiwezekana mkaribishe aje aone jiko saa tano asubuhi wakati sufuria zote ziko juu ya moto, akiona unalisha watu wangapi ataandika kitu tofauti.

Na mkandarasi. Huyu ndo chanzo, na nimemwacha nyuma kwasababu yeye humtawali. Lakini jaribu haya: badala ya invoisi moja ya mwisho wa mwezi mpe kila wiki mbili, maana siku 60 za invoisi ya wiki mbili zinaanza kuhesabika mapema. Mwombe mhasibu wao barua inayothibitisha wanachodaiwa na kwamba watalipia kwenye akaunti yako hiyo, benki wanaipenda sana barua kama hiyo. Waulize benki pia kama wanatoa hela juu ya invoisi zilizothibitishwa, nyingi zinafanya, unapewa sehemu ya invoisi leo wanamalizana na mkandarasi akilipa. Na mkataba ukiisha usisaini mwingine bila malipo ya mwanzo. Wewe unamkopesha yeye bila riba kwa hela unayolipia riba, na yeye anajengea barabara. Mwambie kwa heshima ila mwambie, chakula cha wafanyakazi kikikosekana siku mbili site inasimama na yeye anajua.

Ukishamaliza kusoma hapa, kabla hata ya benki, panda uende Tandale kwa yule mzee. Usimpigie, nenda. Muombe radhi, mpe nusu ya ile hundi kama unayo mkononi kwenye hela za shule, na nusu nyingine mpe tarehe ambayo una uhakika nayo, tena kwa keshi au kwa simu, hundi nyingine usimpe. Mpaka mkopo ukae sawa nunua kwake kwa keshi hivyo hivyo bila kununa. Mzee wa namna hiyo, akishaona umelipa siku uliyosema, ndo atakayekupa gunia za wiki ijayo wakati kamati ya benki bado inapitia karatasi zako.